Fuso la waya lina hesabu gani? Magari madogo ya skeli, kutoka uwanda wa juu wa Ufipa

Tafuta gari la waya. Kama uko Sumbawanga au kijiji chochote cha Ufipa huhitaji kwenda mbali: mtoto wa jirani analo, au ameliacha nyuma ya nyumba baada ya tairi la ndala kukatika. Tafuta lori, siyo teksi. Kwa watoto wa huku lori ndo gari lenyewe, kwa sababu ndilo linalokuja kubeba mahindi, maharage na alizeti, ndilo linaloleta saruji na soda, na ndilo linalokwama kwenye matope mtaa mzima ukatoka kwenda kuangalia. Ukishalipata, chukua rula upime kutoka bampa la mbele hadi mwisho wa bodi.

Tuseme umepata sentimita 34. Fuso la mizigo la kawaida lina urefu wa kama mita 8.5. Gawanya 850 kwa 34, jibu ni 25. Yaani huyo dogo, bila ramani wala kikokotoo, ametengeneza gari la skeli ya 1:25: kila sentimita moja kwake ni sentimita 25 barabarani.

Sasa hapa kuna jambo tamu kidogo. Skeli hiyohiyo ya 1:25 ndiyo iliyotumiwa na kampuni ya AMT ya jimbo la Michigan, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1948 ikitengeneza magari madogo ambayo wauzaji wa magari waliwapa wateja wao. Mwaka 1958 AMT ikaanza kuuza seti za kuunganisha mwenyewe, sanduku moja lenye vipande vya kutosha kuchagua njia tatu: ulijenge gari kama lilivyotoka kiwandani, ulirembe kwa mtindo wako, au uligeuze kuwa la mashindano. Hapo ndipo burudani ya kujenga na kubadilisha magari madogo ilipopata sura tunayoijua leo. Wajapani wakaja na 1:24, ambayo kwa hesabu za kizungu za zamani ni nusu inchi kwa kila futi moja, na kampuni kama Tamiya na Hasegawa zikaifanya kazi hiyo kuwa sanaa ya milimita. Hasegawa, kwa mfano, wana seti ya Datsun 240Z, gari lililoshinda East African Safari Rally ya mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Italeri wa Italia wana Scania za 1:24. Kwa hiyo mtu wa Osaka au Milano anaweza kukaa mezani jioni akapaka vumbi la Afrika Mashariki kwenye bodi ya plastiki, wakati mtoto wa Ufipa anapata lake bure kabisa njiani.

Seti hizo hapa kwetu ni adimu na ghali, na sitakudanganya kwamba ukienda sokoni Sumbawanga utaikuta moja. Makala hii haihusu ununuzi hata hivyo. Inahusu kinachotokea kwenye fizikia unapolichukua lori la tani 15 ukalipunguza hadi likaenea kwenye mapaja yako. Mambo mengine yanapungua sawasawa, mengine yanapungua kupita kiasi, na machache hayapungui kabisa. Hayo machache ndiyo yanayofanya gari la waya liwe chombo cha maabara, na moja kati yake linahusu roho za watu wanaopanda malori ya mizigo. Tutafika huko.

Skeli inachaguliwa na tairi

Watu wengi wakitaka kutengeneza gari dogo wanaanza na bodi. Wanaumiza kichwa na kioo na taa, halafu mwisho wanatafuta matairi ya kuenea, wanakosa, wanaweka vizibo vya soda, na gari linaonekana kama ng'ombe aliyevaa viatu vya mtoto. Watoto wanafanya kinyume, na wako sahihi: kwanza tairi, halafu gari linajengwa kulifuata.

Tairi la Fuso lina kipenyo cha kama mita 1.05. Kwa 1:25 hiyo ni milimita 42. Unene wake, sentimita 28 hivi, unakuwa milimita 11. Soli ya ndala ya kawaida inakaribia kabisa unene huo, kwa hiyo ukikata duara la milimita 42 umemaliza, na kwa ekseli ya nyuma unabandika mawili mawili kama lori lenyewe. Kizibo cha soda kina upana wa kama milimita 32; ukiking'ang'ania, gari lako lote lazima lishuke hadi kama 1:33. Hakuna ubaya. Ubaya ni kuchanganya.

Na usione kwamba huu ni ujanja wa watu wasio na vifaa. Shunsaku Tamiya, aliyeiongoza kampuni ya Tamiya kwa miaka mingi, alieleza kwamba kifaru chao cha Panther cha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilipewa ukubwa wa kuingiza betri za kukiendesha. Baadaye walipokipima wakakuta ni kama 1:35, na leo 1:35 ni skeli inayotumiwa na watengenezaji wa magari ya kijeshi duniani kote. Betri za Japani na ndala za Sumbawanga zimefanya kazi moja.

Baada ya tairi, nenda kapime lori halisi. Omba ruhusa kwa dereva au utingo likiwa limeegeshwa. Wengi wanafurahi mtu akiuliza kuhusu gari lao. Unachohitaji ni vipimo vinne tu: kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, upana kati ya tairi la kushoto na la kulia, kimo cha chasisi kutoka ardhini, na kimo cha kichwa. Vingine vyote utavikisia kwa macho. Kama unapenda Land Cruiser mkonga, ile ya bodi ndefu ya hardtop ina mita 2.98 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo kwako ni sentimita 11.9. Ukikosea hiki kipimo cha ekseli hadi ekseli, hata mtu asiyejua magari ataona kuna kitu hakijakaa sawa, ila hatajua ni nini.

Kwa nini boksi linaweza kuwa chuma

Hebu tufanye hesabu. Urefu ukigawanywa kwa 25, eneo linagawanywa kwa 25 × 25, yaani 625. Ujazo, na pamoja nao uzito kama malighafi ni ileile, unagawanywa kwa 25 × 25 × 25, yaani 15,625. Lori lenye uzito wa jumla wa kilo 15,625, ambao ni uzito wa kawaida tu kwa Fuso lililopakia, linakuwa gari la kilo moja kamili. Sijapanga iwe hivyo, imetokea tu, na ni zawadi kwa mtu anayefundisha.

Uzito umepungua mara 15,625, ila vyuma vinavyoubeba vimepungua eneo la mkato mara 625 tu. Kwa hiyo kila milimita ya mraba ya chasisi ya gari dogo inabeba mzigo mdogo mara 25 kuliko ya lori. Galileo aliliandika jambo hili mwaka 1638 akieleza kwa nini mifupa ya mnyama mkubwa haiwezi kuwa mifupa ya mnyama mdogo iliyorefushwa tu. Kwetu linaeleza kwa nini boksi la sabuni linatosha kuwa bodi, bua la mahindi linatosha kuwa chasisi, na kwa nini gari la waya linaanguka kutoka mezani, linaokotwa, na safari inaendelea. Lori likianguka kutoka kimo kinacholingana, yaani mita 20 hivi, hakuna wa kuliokota.

Lakini kuna deni. Barabara haijapunguzwa. Kokoto ya sentimita 2 kwenye njia ya kwenda kisimani ni jiwe la nusu mita kwa gari la 1:25. Ndiyo maana gari dogo likisukumwa kwenye changarawe linaruka kama mbuzi, na ndiyo maana watoto wanachagua njia iliyoshindiliwa na miguu, au wanasubiri mvua ya kwanza ilaze vumbi. Hawajasoma popote kuhusu uwiano wa tairi na kikwazo. Wanajua tu.

Muda nao unabadilika, na hili huwa linawashangaza wengi. Kitu kinachoanguka kutoka kimo kilichogawanywa kwa 25 hakitumii muda uliogawanywa kwa 25. Kinatumia muda uliogawanywa kwa 5, kwa sababu 5 ni kipeuo cha pili cha 25. Gari dogo linatikisika, linadunda na linapinduka haraka mara 5 kuliko lori. Macho yetu yamezoea lori linaloyumba polepole kwa uzito wake, kwa hiyo gari dogo tunalitambua mara moja kuwa la kuchezea hata likiwa limepakwa rangi vizuri namna gani. Watengeneza filamu wa zamani walilijua hili, wakawa wanapiga picha nyingi zaidi kwa sekunde halafu wanazionyesha kwa mwendo wa kawaida. Wewe una simu. Weka kamera kwenye mwendo wa taratibu wa picha 120 kwa sekunde, ionyeshe kwa 24, na hiyo ni mara 5 kamili. Mpige mdogo wako akikimbiza Fuso lake la waya kwenye kona. Utashangaa jinsi linavyogeuka kuwa lori.

Waya, plastiki, na maji yasiyofika 100

Ufipa ina historia ndefu na chuma, ndefu kuliko magari. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye tanuri ndefu za udongo zinazoitwa malungu, zenye kimo cha karibu mita 3, ambazo hazikuhitaji mtu wa kuvukuta: moto wenyewe ulivuta hewa kupitia matundu ya chini, kama bomba la moshi linavyofanya. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ametumia miaka mingi kuzichunguza, na mabaki ya baadhi yake bado yamesimama kwenye uwanda huu. Ninazitaja kwa sababu ya jambo moja ambalo kila mhunzi alilijua na kila mjenzi wa gari la waya analigundua upya, nalo ni kwamba chuma kina kumbukumbu ya jinsi ulivyokitendea.

Chukua waya wa kufungia nondo, ule mweusi laini. Ukunje, unyooshe, ukunje tena mahali palepale. Mara ya tatu au ya nne unakuwa mgumu, halafu unakatika. Ndani ya chuma kuna mpangilio wa punje, na kila unapoukunja kasoro zinasongamana hadi hazina pa kwenda. Dawa ni moto: uweke kwenye mkaa hadi uwe mwekundu, uache upoe taratibu ndani ya majivu, na kasoro zinajipanga upya. Waya unarudi kuwa laini. Kwa hiyo sehemu zenye makunjo mengi, kama kichwa cha lori na grili yake, tumia waya laini; chasisi na ule mkono mrefu wa usukani, tumia waya mgumu wa seng'enge. Ila usiuchome wa seng'enge. Umepakwa zinki, na moshi wa zinki unaleta homa na kifua kubana.

Unene wa waya una nguvu kuliko unavyodhani. Ukakamavu unaongezeka kwa unene uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne, kwa hiyo waya wa milimita 3 hauzidi wa milimita 2 kwa mara moja na nusu, unauzidi kwa mara 5. Kama chasisi yako inayumba, usiongeze waya kumi mwembamba. Tafuta mmoja mnene.

Bodi sasa. Kipande cha bomba la maji la plastiki, lile la PVC, ukilipasua kwa urefu na kulitumbukiza kwenye maji yanayochemka linalegea, unalibana kati ya mbao mbili, na likipoa una bamba bapa zuri la kukatia milango na bodi ya nyuma. Na hapa Sumbawanga inatupa somo lake. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. (Ndiyo, na ndiyo maana maharage ya huku yanakula kuni nyingi.) PVC inalegea kwenye nyuzi 80 hivi, kwa hiyo iko salama mikononi mwako. Lakini polistirini, plastiki ya seti za Tamiya na AMT, ambayo pia ndiyo ya vijiko vingi vyeupe vya kutupa vinavyovunjika kwa mlio, inalegea karibu na nyuzi 100. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kubahatisha kuikunja kwa maji ya moto. Wewe huku utasubiri sana. Usikate tamaa ukahamia kwenye moto wa wazi, hasa kwa PVC: ikiungua inatoa gesi ya asidi inayochoma mapafu.

Polistirini ina faida nyingine, inayeyushwa na asetoni. Tone dogo la kiondoa rangi ya kucha chenye asetoni, likipakwa kwa brashi kwenye kiungo, linalainisha pande zote mbili, zinachanganyikana, na asetoni ikishapepea vipande vimekuwa kimoja. Gundi za viwandani za seti hizo zinafanya kazi kwa njia hiyohiyo. Hapa hakuna kitu katikati kinachoshikilia; plastiki imejishika yenyewe. Super glue ni jambo tofauti, yenyewe inakauka kwa kupata unyevu wa hewani, na kuanzia Juni hadi Oktoba, hewa ya huku ikiwa kavu kiasi cha kupasua midomo, inasuasua. Pulizia pumzi yako mahali pa kiungo kabla ya kubandika. Inasaidia kweli.

Tairi la ndani linakata zaidi

Magari mengi ya waya yana ekseli ya mbele inayozunguka yote kwa pamoja kwenye msumari mmoja wa katikati, kama mkokoteni. Inafanya kazi, ila ukiikunja sana gari linakosa miguu upande mmoja na kulala. Lori halisi halifanyi hivyo: kila tairi linageuka kwenye kiungo chake, na la ndani ya kona linageuka zaidi kwa sababu linazunguka duara dogo. Chukua gari lenye sentimita 16 kati ya ekseli na sentimita 8 kati ya matairi, likizunguka duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 32. Tairi la ndani linatakiwa nyuzi 30 hivi, la nje 24. Mpango huu ulibuniwa na Georg Lankensperger, mtengeneza mabehewa wa Munich, na Rudolph Ackermann akauandikisha London mwaka 1818, wakati magari ya kuvutwa na farasi ndiyo yaliyokuwepo. Kuupata ni rahisi: mikono midogo inayotoka kwenye kila tairi la mbele ielekeze nyuma na ndani kidogo, kana kwamba mistari yake inakwenda kukutana katikati ya ekseli ya nyuma. Iunganishe kwa waya mmoja. Basi. Hiyo ndiyo hatua moja inayolivusha gari la mtoto kuwa gari la fundi, na inachukua mchana mmoja.

Jaribio la kupinduka

Tulisema kuna mambo machache yasiyopungua. Kubwa kuliko yote ni pembe ya kupinduka.

Lori likiinama kwa ubavu, linaanguka pale kitovu cha uzito wake kinapopita juu ya tairi la upande wa chini. Hilo linategemea vitu viwili tu: nusu ya upana kati ya matairi, na kimo cha kitovu cha uzito. Gawanya cha kwanza kwa cha pili. Vyote viwili ni urefu, vyote vimegawanywa kwa 25, kwa hiyo jibu halibadiliki. Gari la waya lililopakiwa sawasawa na lori linapinduka kwenye pembe ileile ya lori. Hakuna hesabu ya kurekebisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Jenga lori lenye sentimita 7.6 kati ya tairi la kushoto na la kulia, ambazo ni mita 1.9 za lori halisi. Shona vifuko vidogo vya kitambaa, vijaze mchanga, viwe magunia. Viongeze hadi gari zima lifike kilo moja. Liweke kwa ubavu kwenye ubao, gundisha kijiti chembamba kwenye ubao chini ya matairi ya upande mmoja lisiteleze, halafu inua ubao taratibu. Simu nyingi zina programu ya kupima mwinuko. Ilaze kwenye ubao huohuo na usome pembe gari linapoanza kuanguka.

Ukipanga mzigo chini, kitovu cha uzito kikawa sentimita 6 kutoka ardhini, gari litaanguka kwenye nyuzi 32 hivi. Sasa uchukue mzigo uleule, gramu zilezile, ila upange juu juu hadi kitovu kifike sentimita 8.8. Litaanguka kwenye nyuzi 23. Hukuongeza hata punje. Kwenye lori halisi hiyo ni tofauti kati ya kitovu cha mita 1.5 na cha mita 2.2, na kila mtu aliyeona mzigo wa lumbesa ukivuka mbao za bodi anajua kwamba mita 2.2 siyo ndoto.

Pembe ni jambo moja, kona ni jingine, na uwiano uleule ndio unaotawala. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 40, lori la kwanza kwa hesabu linaanza kunyanyua matairi likifika kilomita 57 kwa saa. La pili, 47. Hizo ni namba za lori la chuma kigumu lisilo na springi. Lori la kweli linalalia springi na matairi yake, mzigo unahama, kwa hiyo linaanguka mapema zaidi ya hapo. Dereva anayeijua kona yake kwa kilomita 50 akiwa na mzigo wa chini, siku amepakia juu kona hiyohiyo inamgeuka, na usukani haumwambii kitu mpaka imechelewa.

Na kona tunazo. Ufipa ni uwanda uliokaa kati ya mabonde mawili, Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Rukwa mashariki, na pande zote mbili unashuka karibu mita 1,000 kabla ya kufika majini. Anayekwenda Muze au Mtowisa, anayekwenda bandari ya Kasanga, lazima ashuke. Malori ya minadani yanashuka na bidhaa na kupanda na mpunga na ufuta, na juu ya mzigo wanakaa watu.

Tuwaongeze hao watu kwenye jaribio. Watu 20 wa kilo 70 ni tani 1.4, kwa 1:25 ni gramu 90 za mchanga, uziweke juu kabisa, sentimita 16 kutoka ardhini. Kama lori bila wao lilikuwa na kitovu cha mita 1.9, sasa kinapanda hadi 2.1 hivi, na pembe inashuka kutoka nyuzi 26.6 hadi 24.6. Nilitegemea tofauti kubwa zaidi, na hesabu imekataa. Gunia linalopangwa vibaya linaliangusha lori kuliko abiria wanaokaa juu yake. Ila angalia video yako ya taratibu tena, uangalie hicho kifuko cha gramu 90 kinakwenda wapi gari linapolala. Magunia ya chini yanabaki ndani ya bodi. Chenyewe kinatupwa mbali, upande ule lori linakoangukia.

Kama unafundisha fizikia sekondari, hasa kwenye mkondo wa amali ulioanza na mtaala mpya mwaka 2024, jaribio hili linahitaji ubao, kijiti, mchanga na simu moja ya mwalimu. Waambie wanafunzi waje na magari yao. Wapo watakaoona aibu kwamba ni ya kitoto. Wape hao kazi ya kupima pembe.

Rangi na vumbi

Limebaki pambo, na hapa kila mtu ana ladha yake. Nitasema mawili tu. Rangi ya gari halisi ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukipaka unene huohuo kwenye gari la 1:25, ni sawa na lori lililopakwa rangi ya milimita 2.5, nene kama mkate, na kila bati na mkunjo wa mlango unazama. Punguza rangi iwe kama maziwa, paka mkono mwembamba, subiri, piga msasa laini kwa maji, rudia. La pili, usitumie rangi kama ilivyo kwenye kopo. Kitu kidogo kinarudisha mwanga kidogo na jicho linakiona kimekoza; ongeza tone la nyeupe, bluu ya Fuso itakaa kama bluu ya Fuso.

Vumbi la kulipakia unalo bure mlangoni. Chekecha udongo mwekundu kwa kitambaa cha soksi, lowesha kwa maji yenye gundi nyeupe kidogo, paka kwenye matairi na chini ya chasisi, halafu futa kwa kidole kuelekea chini, jinsi mvua inavyoufuta. Usipake paa sana. Vumbi la barabarani linatoka chini na nyuma, kwa hiyo ubao wa nyuma ndio unaobeba zaidi. Ubao huo ndio pia wenye yale maneno ambayo kila lori lazima liwe nayo. Herufi za sentimita 20 kwako zinakuwa milimita 8. Brashi haitaweza, tumia ncha ya kijiti cha meno, na anza kuandika kutoka herufi ya katikati kwenda pembeni, nafasi isije ikaisha kabla neno halijafika mwisho.